Farasi Watatu wa Jina Moja

Mbeya, mwezi wa saba, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baridi imeshuka kutoka mlima Loleza na maji ya bomba hayashikiki. Anayetaka kuoga anabonyeza swichi ya hita, lile dude la plastiki linalofungwa juu ya bomba la mvua. Taa ya sebuleni inafifia mara moja, kisha mvuke unaanza kupanda. Ubavuni mwa hita pameandikwa wati 5,500. Zigeuze kuwa nguvu za farasi, zinafika saba na kitu.

Sasa ifikirie injini ya Lister ya hosipawa sita, ile yenye magurudumu mawili mazito na mlio wa kuhesabika, tuk, tuk, tuk, uliosikika hadi kijiji cha pili siku za kusaga. Ikisaga kwa nguvu zake zote, bado haifikii anachotumia mtu mmoja anayeoga. Maksai wanaovuta plau ndio kabisa: jozi yao hutoa nguvu ya farasi mmoja, pengine na pungufu. Na muogaji akitoka bafuni baada ya dakika nane, mita ya LUKU imekata karibu robo tatu ya uniti.

Hesabu hiyo haina kosa, ila inakera. Mtu aliyebeba gunia anajua nguvu ni nini, na aliyekaa karibu na moto anajua joto ni nini, hakuna anayevichanganya. Kiswahili chenyewe kimechangia ugumu, maana neno “nguvu” limetwishwa kila mzigo: nguvu ya hoja, nguvu ya dola, nguvu ya mtambo. Hata hivyo vipimo vinasema kitu kimoja. Wati ni jouli moja kwa sekunde, iwe inazungusha jiwe la kusagia au inachemsha maji. Kilowati moja ni kilokalori 860 kwa saa, au BTU 3,412 kwa saa. Farasi wa James Watt, yule Mskoti aliyetaka kuwaeleza wateja wake injini ya mvuke ingefanya kazi ya farasi wangapi, ni wati 745.7, yaani BTU 2,544 kwa saa. Namba hizo zinakaa kwenye kipande cha karatasi na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuzizidisha na kuzigawa bila jasho.

Jasho linaanza pale namba hizo zinapotoka kwenye karatasi na kwenda dukani.

Kabla ya dukani, twende Kihansi, tukipitia Manchester. Katika miaka ya 1840 James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, aliteremsha mawe ya mizani yaliyozungusha makasia ndani ya chombo cha maji, akapima maji yale yalivyopata joto. Alichokitafuta ni bei: kazi kiasi gani hununua joto kiasi gani. Rafiki yake William Thomson alisimulia baadaye kwamba mwaka 1847 alimkuta Joule milimani Alps, akiwa kwenye fungate, ameshika kipimajoto kirefu, akitaka kujua kama maji ya chini ya maporomoko yana joto kuliko ya juu. Angekuja Kihansi asingelalamika. Kituo cha umeme kilichoko huko, mpakani mwa Iringa na Morogoro, kinatumia mteremko wa takriban mita 850. Kila kilo ya maji ikishuka urefu huo hupoteza kilojouli 8.3. Kama kazi yote hiyo ingegeuka joto na kubaki ndani ya maji, yangepanda nyuzi mbili tu. Mbili!

Hapo ndipo hita ya bafuni inaposhangaza. Inapandisha lita tatu za maji kila dakika kwa nyuzi 26 hivi, kutoka 15 hadi 41. Kama umeme wake ungetoka Kihansi pekee, kila lita ya maji ya kuoga ingedai lita 13 ziporomoke kule gengeni, na upotevu wa mitambo na nyaya unazisogeza hadi 15. Ndoo moja na ushee ya kuoga, lita 24, ni lita 360 za mto. Mto huo una kesi yake nyingine: maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, karibu na mwaka 2000, mawingu ya matone yaliyolowesha genge yakakauka, na chura mdogo wa Kihansi, asiyeishi mahali pengine popote duniani, akatoweka porini. Waliosalia walizalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani kabla ya kurudishwa nyumbani.

Joto, kwa hiyo, ni ghali sana likinunuliwa kwa kazi. Kinyume chake je? Hapo wabadilisha fedha wa mpakani Tunduma wanaelewa kuliko wengi. Ubaoni kuna bei ya kununua na bei ya kuuza, na mwenye kwacha anayetaka shilingi hapati kile alichopewa mwenye shilingi aliyetaka kwacha. Kazi kwenda joto hubadilishwa yote, hadi senti ya mwisho. Waya wa hita haubakishi kitu. Joto kwenda kazi hukatwa, tena hukatwa vibaya. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba makato hayo si uzembe wa fundi: yanategemea tofauti ya joto kati ya moto na hewa ya nje, na hakuna mashine itakayoyakwepa.

Ushahidi uko Mbarali. Kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, pawatila nyingi zinabeba injini ya Kichina ya S195, silinda moja iliyolala, tangi la maji wazi juu yake. Kibao chake kinasema kilowati 8.8, farasi 12. Gawanya mwenyewe: 8.8 kwa 12 ni 0.733, hivyo farasi huyu si wa Watt. Ni yule wa Ulaya bara, wa wati 735.5, anayeinua kilo 75 mita moja kwa sekunde, na China walimchukua huyo. Tofauti kati ya farasi hao wawili haifiki asilimia mbili na haimuumizi mkulima. Kinachomuumiza ni dizeli. Ikifanya kazi kwa nguvu zote, injini ya namna hiyo hunywa karibu kilo 2.2 za dizeli kwa saa, na ndani ya dizeli hiyo kuna joto la kilowati 26. Ameweka farasi 35 tangini, kwenye shafti wametoka 12. Wengine 23 wameondoka kwa ekzosi na kwa tangi la maji.

Hao wa tangi la maji wanaonekana kwa macho. Saa nne asubuhi, pawatila ikiwa katikati ya tope, maji ya tangi hutokota kama ya ugali na mvuke unamzunguka dereva. Injini imeundwa hivyo makusudi. Kuchemka ndiko kupoa kwake. Mzigo ukiwa mzito, karibu lita kumi huondoka kwa saa, ndiyo maana kijana wa kuchota maji mferejini hakai mbali. Mtu angeweza kuoga na mabaki ya injini hiyo na kubaki na ya kufulia.

Mwinuko nao unadai kodi yake. Usangu iko chini kidogo, lakini jiji la Mbeya liko mita 1,700 juu ya bahari na Mafinga iko juu zaidi. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo, ikivuta pumzi ileile ya silinda, inapata oksijeni pungufu. Farasi 12 waliopimwa kiwandani usawa wa bahari huenda wakawa kumi na nusu Uyole, jijini Mbeya. Mota ya umeme haijui habari hizo, walau si kwa kiwango hicho. Kwa hiyo mwenye mashine ya kusaga anayehama kutoka dizeli ya farasi 20 kwenda umeme hana sababu ya kununua mota ya farasi 20. Kwa mwinuko huo 18 zinamtosha kwa kazi ileile. Maji pia huchemka mapema huku, nyuzi 94 badala ya 100, jambo ambalo kila anayepika maharage Mbeya analijua kwa tumbo lake hata kama hajawahi kulisikia darasani.

Twende dukani sasa. Kiyoyozi kinauzwa kwa majina mawili kwenye boksi moja: BTU 9,000 na HP 1. Mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu atashtuka, kwa kuwa karatasi yake inasema farasi mmoja ni BTU 2,544. Huyu wa kiyoyozi amewazidi wenzake mara tatu na nusu. Na ukisogea kwenye rafu inayofuata, HP moja na nusu wanaiuza kwa BTU 12,000, si 13,500. Farasi gani huyu anayepungua uzito akiongezwa nusu?

Maelezo yapo, na si ya utapeli. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto kutoka chumbani kwenda nje, kama kuli anayehamisha magunia. Kuli anakula sahani moja ya wali na kubeba magunia matatu. HP ya kiyoyozi ilikuwa sahani ya wali, nguvu ya mota ya kompresa. BTU ni magunia. Wauzaji wakaandika vyote viwili kwa alama ya sawasawa katikati. Kompresa zimeboreka, sahani imepungua, lakini jina limebaki lilipokuwa na kila kampuni imelizungushia namba zake.

Farasi wa tatu, baada ya wa shafti na wa kiyoyozi, ni mkongwe na ana nguvu za kutisha. Katika boila za mvuke, hasa zenye vibao vya Kimarekani, farasi mmoja ni BTU 33,475 kwa saa, yaani kilowati 9.81. Huyu ni farasi 13 wa kawaida katika ngozi moja. Asili yake ni maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, ambako wahandisi walihitaji kulinganisha boila. Injini nzuri za mvuke za wakati huo zilikuwa zinakula ratili 30 za mvuke kwa saa ili kutoa nguvu ya farasi mmoja, basi wakaamua kwamba boila inayozalisha mvuke huo iitwe ya farasi mmoja. Fikiria walichofanya. Kati ya sehemu 13 za joto zilizoingia, injini zile zilirudisha moja kama kazi, na kumi na mbili zilipotea. Upotevu huo wa mwaka 1876 ukageuzwa kipimo. Injini zimekufa na chuma chake kimeshayeyushwa, lakini boila bado zinauzwa kwa uvivu wake.

Kwa hiyo farasi watatu si vipimo vitatu vya kitu kimoja. Ni bei tatu za kubadilishia, kila moja imeganda siku ilipobandikwa ubaoni. Farasi wa shafti ni kazi tupu. Wa kiyoyozi ni joto lililohamishwa kwa kazi ya farasi mmoja katika mashine za zama fulani. Wa boila ni joto lililohitajika kuzaa kazi ya farasi mmoja katika mashine za zama nyingine. Jedwali la vipimo linalowaweka wote safu moja bila kusema hivyo linamdanganya msomaji, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi.

Neno “tani” lina ugonjwa huohuo, na kwa Nyanda za Juu Kusini lina hatari zaidi kwa sababu hapa vyumba vya baridi na boila viko jirani. Tani ya ubaridi ni joto la kuyeyusha tani ya barafu, ratili 2,000, kwa siku nzima: BTU 12,000 kwa saa, kilowati 3.5. Fundi wa boila naye akisema “tani mbili” anamaanisha tani mbili za mvuke kila saa, na tani moja ya mvuke ni kilowati 627. Tani ya fundi wa boila ni sawa na tani 178 za fundi wa friji. Wawili hao wakisimama kwenye kiwanda kimoja, cha parachichi au cha maziwa, na kumpa mwenye mali makadirio kwa “tani”, ni heri aombe kilowati.

Chukua maziwa, kwa kuwa Iringa ndiko nyumbani kwa maziwa ya Asas na wafugaji wengi wa mkoa wanajua foleni ya alfajiri kwenye kituo cha kukusanyia. Lita 1,000 zimeingia kwenye tangi zikiwa na nyuzi 35, joto la ng'ombe, na zinatakiwa zifike nyuzi 4 ndani ya saa tatu. Joto la kuondoa ni karibu kilowati-saa 34, yaani kilowati 11.3 kwa saa hizo tatu. Kwa lugha ya friji ni tani 3.2, au BTU 38,600 kwa saa. Anayefuata karatasi bila kufikiri atazigeuza kuwa farasi 15 na kuagiza mota ya farasi 15, pamoja na waya, swichi na jenereta ya kuibeba siku umeme ukikatika. Fundi wa friji atafunga ya farasi watano au sita, kwa sababu kuli wake anabeba karibu magunia matatu kwa sahani. Tofauti hiyo ni mamilioni ya shilingi kabla tone moja la maziwa halijapoa. Na baridi ya Iringa usiku inamsaidia bure: joto la nje likiwa chini, kompresa inapumua.

Upande wa pili wa hesabu ni Mufindi, na huko ndiko mambo yanakuwa mazito. Jani la chai likichumwa lina maji kiasi cha robo tatu na zaidi ya uzito wake. Hewa ya kunyausha hupunguza sehemu. Kinachobaki kinaondolewa na kikaushio. Kwa hesabu ya kawaida, kila kilo ya chai kavu inayotoka imedai zaidi ya kilo mbili za maji zivukizwe kwa moto. Chukua kiwanda kinachotoa kilo 500 za chai kwa saa: maji ya kuvukizwa ni kama kilo 1,100, na joto lake halipungui kilowati 690. Hao ni farasi 925 wa Watt, usiku na mchana, msimu wa mvua. Mashine za kukata na kusaga majani, kwa kelele zao zote, ni ndogo mbele ya hapo. Katika viwanda vya chai joto huchukua zaidi ya robo tatu ya nishati yote. Mgeni anayepita kiwandani husikiliza mota na kudhani ndizo zinazokula, kumbe mlaji ni tanuri la nyuma lisilo na sauti.

Ndiyo maana hakuna anayekausha chai kwa umeme wa Kihansi. Kazi iliyokwisha kuwa kazi ni mali ya thamani. Kuirudisha kuwa joto la kuvukizia maji ni kuuza ng'ombe ili ununue supu. Mikaratusi, ambayo wengi Mufindi huiita milingoti, imepandwa kuzunguka mashamba kwa sababu hiyo. Kilo ya kuni iliyokauka vizuri ina megajouli 15 hivi. Boila ikinasa asilimia 65 ya hizo, kiwanda chetu cha mfano kinahitaji angalau kilo 255 za kuni kila saa kwa uvukizaji pekee, na hewa ya moto inayopotea kikaushioni inaongeza zaidi. Kuni hizohizo zikiingia mbichi, nusu yake ikiwa maji, thamani inashuka hadi karibu nusu: boila inakausha kuni kwanza, chai baadaye. Banda la kuni lenye paa, kitu cha mabati na nguzo, hurudisha joto jingi kuliko marekebisho mengi ya boila yanayouzwa kwa bei kubwa.

Njombe, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi 2012, ilipata jibu bora mapema. Kampuni ya miwati ya TANWAT, inayotengeneza tanini ya kusindikia ngozi kutoka magamba ya miwati, ilijenga katika miaka ya 1990 mtambo wa megawati 2.5 unaochoma mabaki ya kuni. Mvuke unazungusha tabo na kuzalisha umeme, kisha joto lililobaki, ambalo kwa bei ya Carnot halibadilishiki tena kwa faida, linatumika kiwandani. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kinafuata mantiki hiyohiyo kwa kuchoma magome na majimaji meusi ya upikaji wa mbao. Kwa mfumo huo swali la “boila hii ina farasi wangapi” linakosa maana. Kinachouliziwa ni kilowati ngapi za shafti na ngapi za joto, kwa safu mbili tofauti.

Safu hizo mbili ndizo zinazokosekana kwenye mazungumzo ya jotoardhi, mradi ambao Mbeya inausubiri. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania inashughulikia Ngozi, chini ya ziwa la kreta, na Kiejo-Mbaka wilayani Rungwe, ambako chemchemi za majimoto zinajulikana tangu zamani. Habari zinatangaza megawati za umeme. Kwa wastani wa dunia, vituo vya jotoardhi hugeuza karibu asilimia 12 tu ya joto kuwa umeme, kwa hiyo megawati 30 za umeme zina nyuma yake megawati 250 za joto, na 220 zinaondoka na maji na mvuke. Kenya wameanza kuzishika hizo. Karibu na ziwa Naivasha, shamba la maua la Oserian lilipasha moto nyumba za maua kwa maji ya kisima cha jotoardhi, na huko Menengai kuna mtambo wa majaribio unaopasha maziwa moto kwa joto hilohilo.

Rungwe kuna chai, ya Katumba na ya Mwakaleli, na kikaushio cha chai kinataka hewa ya nyuzi mia moja na ushee tu. Joto la kiwango hicho likipelekwa kwenye tabo linarudisha kidogo sana. Likipelekwa kikaushioni linafanya kazi yake yote. Wanaoandika mipango ya Kiejo-Mbaka waweke safu zote mbili mezani, megawati za umeme na megawati za joto, kabla mkandarasi hajaleta bomba la kwanza.